Sahihi ya Jirani wa Chini

Mnalia nini? Juzi niliwasikia wawili wenu pale kibarazani kwa muuza simenti, vijana wa upimaji, mmebeba mashine yenu ya miguu mitatu, mnalalamika kwamba dosiye, yaani faili, ya mtu anayetaka tu kuingiza gari kwake imekaa wiki tatu mezani. Wiki tatu! Nilicheka mpaka kikohozi kikanipanda. Mke wangu akadhani nakata roho.

Basi kaeni niwaambie. Mimi nimepima mitaro ya Bujumbura tangu kidevu changu hakijaota ndevu hadi zilipokuwa nyeupe. Kwa wale ambao hawajui kazi hii ni nini: mji wetu umeegemea milima, na mvua ikinyesha huko juu maji yote yanateremka kwetu. Ndiyo maana mbele ya kila nyumba ya kando ya barabara kuna mtaro wa mawe, mingine inafika kifuani pa mtu mzima. Ukitaka gari lako liingie uani, lazima uweke juu ya mtaro kipande cha zege, kidaraja kifupi, sisi tunaita dale. Na dale haiwekwi kwa kupenda kwako. Unaomba ruhusa kwenye ofisi ya mji, mpimaji anakuja, anapima, anaandika ripoti, na shefu anapiga muhuri. Mpimaji nilikuwa mimi. Shefu nitamfikia, mniache kwanza nimeze mate.

Aliyenifundisha ni Mzee Ramadhani, mwashi wa Buyenzi, mtu wa mtaani kwetu, Mungu amrehemu. Hakusoma hata darasa moja la Kifaransa, lakini mtaro aliujua kama mtu anavyojua mdomo wake. Mwezi wangu wa kwanza nilitumwa kupima peke yangu. Ilikuwa kiangazi. Nikateremsha fimbo, ikagota, nikaandika: nusu mita. Nikarudi ofisini nimevimba kichwa. Wakajenga dale kwa kipimo changu, na bomba dogo chini yake kwa kipimo changu. Mvua ya kwanza ya Oktoba, maji yakafika pale, yakakuta hayana pa kupita, yakaruka ukuta na kuingia kwa mama mmoja wa nyumba ya chini. Godoro lilikutwa uani limeelea na paka juu yake.

Mzee Ramadhani hakunigombeza. Alinichukua mpaka kwa yule mama, akanisimamisha mbele yake, akasema, "Mama, huyu ndiye aliyekuogesha kitanda." Kisha akanipa koleo na ndoo, nikatoa matope ya mtaro ule kutwa nzima, watu wananitazama. Chini ya matope kulikuwa na magunzi ya mahindi, kandambili moja, na mtaro mwingine kabisa, wenye kina mara mbili ya nilichoandika.

"Mutaro haupimwe juu ya uchafu," akaniambia. "Chukua chuma, toboa, mpaka usikie jiwe linajibu. Kama halijajibu, bado hujafika."

Nyinyi na mashine yenu, mnasikiliza jiwe? Apana. Mnasoma namba kwenye kioo na kwenda kunywa soda. Nendeni mkaone dale mlizopitisha mwaka jana, mvua ikinyesha, halafu mrudi mniambie nani ana akili.

Na jambo la pili alilonifundisha ndilo lililonileta hapa. Alisema, jirani wa juu anakuletea maji, lakini jirani wa chini ndiye anayekunywa ujinga wako. Kwa hiyo mwenye neno ni yeye. Kabla ya kumjengea mtu dale, nenda kwa jirani wa chini na kilo ya sukari, kaa, kunywa chai yake, mwonyeshe bomba litapita wapi, na akikubali aweke sahihi. Ofisi ilikuta mila hiyo kwa waashi ikaifanya sharti: bila sahihi ya mwenye parseli ya chini, yaani kiwanja kinachofuata maji yakiteremka, hakuna ruhusa. Sharti zuri. Wallahi, ndilo jambo pekee la akili katika ofisi nzima, na tazameni walilifanyia nini.

Sasa shefu. Jina lake halitatoka mdomoni mwangu, si kwa kuogopa, bali nimekula sasa hivi. Alikuja kwetu katikati ya miaka ya vita, wakati wengine waliojua kazi walikuwa wamekimbia au wamezikwa, na kiti kilikuwa wazi. Tai shingoni kuanzia asubuhi, joto la Bujumbura linamchuruzisha kama mshumaa. Sijapata kuona kiatu chake kikigusa ukingo wa mtaro. Siku moja aliniuliza mbele ya watu, kwa sauti nzito kabisa, mtaro wa mtaa fulani una lita ngapi. Lita! Kama unauzwa kwenye chupa! Nikamjibu, "Inategemea, Shefu, mvua imenyesha au haijanyesha." Akaandika. Nawaambia aliandika.

Huyo ndiye aliyepelekewa dosiye ya Mama Konsolata.

Mama Konsolata alikuwa muuguzi mzalishaji, anakaa Mutanga Nord, mwanamke mfupi, mpana, mwenye mikono ya mtu wa kusukuma mkokoteni. Zuhura wangu alizaliwa mikononi mwake. Vita vilipokaza, kufika hospitali ikawa bahati nasibu, vizuizi kila njia panda, na wanawake wakaanza kuletwa kwake nyumbani. Walitoka mpaka Kinama, kwa teksi, kwa mkokoteni, na kwa miguu. Akatenga vyumba viwili, akaweka vitanda vinne.

Lakini mbele ya geti lake palikuwa na mtaro wa kifuani na ubao mmoja juu yake. Teksi inasimama ng'ambo ya pili. Hapo mama mwenye uchungu anateremka, na ama atembee juu ya ubao, ama Mama Konsolata amweke mgongoni na kumvusha. Msimu wa mvua ubao ukawa na utelezi. Mwanamke mmoja akaanguka. Mama alipona, mtoto hakupona.

Wiki ile ile Mama Konsolata alinijia nyumbani Buyenzi, hajabadilisha hata kitenge.

"Baba Zuhura," akasema, "mi nataka gari lifike mpaka kwenye mulango wangu. Nifanye nini?"

Nikaanza kumzungusha, karatasi hizi, foto ile, unajua hali ya sasa. Akanikata.

"Mficha uchi hazai. Mi nimekueleza yangu, na we nieleze yako. Inawezekana ao haiwezekane?"

Mtaniuliza, kwa nini asimwage zege tu? Nyinyi hamkuwapo. Miaka ile mtu anayechimba kando ya barabara alikuwa mtu anayetega bomu. Askari hakuulizi mara mbili. Karatasi yenye muhuri ndiyo iliyokuwa ngao ya waashi wangu, wanaichomeka kwenye kijiti pembeni ya shimo, iwe inaonekana toka mbali. Bila karatasi hakuna mwashi ambaye angeshika sururu, na mimi nisingemwambia ashike.

Nikaenda kupima. Nilitoboa mpaka jiwe likajibu. Nikachora. Shefu wa mtaa, si huyu wetu, akasaini, cheti cha makazi kikapatikana, hati ya parseli Mama Konsolata alikuwa nayo, ameifunga ndani ya nailoni kama mchele wa sikukuu. Kilichobaki ni sahihi ya jirani wa chini.

Jirani wa chini alikuwa Nestori, fundi wa redio. Siku mtaa wao ulipowaka moto alipita Gatumba na mke na watoto, akaenda kukaa Uvira, ng'ambo ya mpaka. Nyumba yake ilibaki, na kama mnavyojua, nyumba nzuri haikosi wapenzi. Ndani yake alikuwa anakaa bwana mmoja, na bwana huyo alikuwa shemeji yake nani? Shefu wetu. Kaka wa mke wake, baba zima, kazi yake kusimama getini na singlendi, anapiga mswaki mpaka saa tano.

Shefu akaifungua dosiye, akaipekua, akatabasamu.

"We Saidi, hapa kunakosekana sahihi ya mwenye parseli ya chini. Mwenyewe. Orijinali."

"Shefu, mwenyewe amekimbia."

"Ah. Basi, sheria ni sheria."

Alijua kwamba haiwezekani, na alipenda iwe haiwezekani. Dosiye isiyowezekana haimchoshi mtu. Nikamwangalia jasho linavyomteremkia kwenye tai, nikasema moyoni, subiri.

Asubuhi ya siku ya tatu nikapanda gari la Gatumba na kilo ya sukari kwenye mfuko. Kizuizini askari akaishika sukari, akaipima kwa mkono.

"Hii biashara?"

"Apana. Ni ya kuombea sahihi ya mtaro."

Akamwita mwenzake aje anisikie. Nilirudia. Wakacheka mpaka bunduki zikawateleza begani, wakaniachia nipite. Labda waliniona mwehu, na mwehu hana upande.

Nestori nilimkuta Uvira chini ya kibaraza cha mabati, amezungukwa na redio zilizofunguliwa matumbo. Amekonda. Aliponitambua alisimama, akanishika mikono yote miwili, akaagiza chai, na sukari yangu ikafunguliwa pale pale. Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho kisha akaanza kucheka, kicheko kisichokuwa na raha ndani yake.

"Walinifukuza na fimbo, leo wananiomba ruhusa ya dale?"

"Si wao. Ni Mama Konsolata."

Akaweka kikombe chini. Watoto wake wawili walizaliwa mikononi mwa Mama Konsolata.

"Na nyumba yangu iko na nani?"

"Kuna mutu analinda," nikasema. Kauli ya aibu, na nilijua ni ya aibu nilipokuwa naisema.

"Analinda!" Akapangusa mikono kwa kitambaa. "Haya. Onyesha iyo mchoro."

Akauweka juu ya goti, akaufuata kwa bisibisi. Huyu mtu alikuwa hana hata uhakika kama paa lake bado lipo. Akaniambia, kama mtu anayemwambia kaka yake mkubwa, "Hapa kwangu maji yanageukaka. Bomba hili ni dogo, Yaya Saidi. Weka la sentimita makumi sita, ao ukuta wa jikoni utaanguka." Nikatazama. Alisema kweli. Mimi, mpimaji, nilikuwa nimeipita kona ile.

Kisha akaweka sahihi. Akaandika jina lake lote, kwa herufi kubwa, na kabla ya kunirudishia akaongeza namba ya parseli na neno: mwenyewe.

"Wajue kama niko," akasema.

Nikarudi nimebeba karatasi ile ndani ya soksi. Naona mnatikisa vichwa, mnasema mzee huyu alikuwa shujaa. Ngojeni. Msinivishe kilemba cha ukoka.

Nilimwekea shefu mezani. Akasoma jina, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, jasho lilikauka usoni mwake. Maana hapo ndipo na mimi, mjinga wa mwisho, nilipoelewa. Sahihi ile haikuwa ruhusa ya dale tu. Ilikuwa mtu aliye hai, mwenye jina na namba, anayesema kwamba nyumba ile ni yake. Ikipigwa muhuri ikaingia kabatini, shemeji na mswaki wake wamekwisha.

Shefu akaisukuma kwa ncha ya kalamu, mbali naye.

"Hii hatujaiona. Mutu hayuko mjini, hawezi kusaini mambo ya mjini. Mwenye parseli ni anayekaa kwenye parseli. Mpelekee asaini. Leo ukileta, kesho napiga muhuri." Akaongeza, pole pole, "Ao mama yako huyo aendelee kurusha wanawake juu ya ubao."

Ebo! Nimekaa na maneno hayo miaka yote hii, nimeyageuza kila upande. Sasa ninayo majibu ishirini, ya kumkausha ulimi. Siku ile niliokota karatasi, nikatoka.

Nilitembea kwa miguu toka ofisini hadi Mutanga Nord, karatasi ya Nestori mfukoni. Nikafika nikamkuta Mama Konsolata yuko ng'ambo ya mtaro, amechuchumaa mbele ya teksi, mwanamke anapandishwa mgongoni kwake. Mvua ya rasharasha. Aliinuka na mzigo wake, akauweka mguu kwenye ubao, akausikilizia kwanza, kisha mwingine. Mimi nikasimama na utepe wangu wa kupimia kama sanamu. Alipovuka aliniona.

"Imetoka?" akauliza, anatweta.

"Kesho," nikasema.

Nikaingia geti la chini. Shemeji alikuja na singlendi yake. Utepe wa wino wa mashine za kuchapa za ofisi ulikwisha siku nyingi, hakuna uliokuwa unaingia nchini, kila kitu tuliandika kwa mkono. Kwa hiyo niliandika mimi, kwa hati yangu nzuri niliyosifiwa nayo: *Mimi, mwenye parseli ya chini, nakubali*. Na chini, jina la yule bwana. Akasaini bila kusoma. Hakuuliza bomba litakuwa la kipimo gani.

Ya Nestori sikurudi nayo Buyenzi. Njiani kulikuwa na vizuizi viwili, na karatasi yenye jina la mtu aliyekimbilia ng'ambo haikuwa kitu cha kukutwa nacho. Ndivyo nilivyojiambia. Niliikunja mara nne nikaitupa mtaroni.

Kesho yake muhuri ukapigwa. Dale ikajengwa kwa siku tano, na bomba la sentimita sitini, hilo angalau sikumdhulumu. Teksi ya kwanza iliingia hadi mlangoni na mwanamke wa Kinama mwenye mapacha. Mama Konsolata alinichinjia kuku. Nilimla.

Vita vikaisha, watu wakaanza kurudi. Nestori akarudi na sanduku moja la vyombo vya kazi, akasimama mbele ya geti lake, na shemeji akamtolea makaratasi. Yalikuwa mengi: maji, umeme, kodi, hadi hati mpya. Lakini kila karatasi ilizaliwa na nyingine, na ukizifuata nyuma, moja baada ya moja, unafika kwenye ya kwanza kabisa iliyomtaja bwana yule kuwa mwenye parseli. Ilikuwa ruhusa ya dale. Hati nzuri, inasomeka bila miwani.

Wazee waliokaa kusikiliza shauri waliniita. Mmoja akaninyoshea karatasi. "Mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Na muhuri ni wa ofisi?"

"Ni wa ofisi."

"Asante, Mzee."

Nikafungua mdomo. Shefu alikuwa ameketi mstari wa mbele, amestaafu, bado na tai, na dosiye yangu ya pensheni ilikuwa haijatoka. Nikaufunga. Msiseme nilinyamazishwa. Hakuna aliyeninyamazisha. Ninamdharau shefu yule hadi kesho, lakini yeye angalau alikuwa analinda tumbo la ukoo wake. Mimi nilikuwa nalinda nini? Nestori hakunitazama. Alichukua sanduku lake, akaenda kupanga chumba Kinama, na huko ndiko alikofia, anatengeneza redio za watu.

Baada ya mazishi yake nilikwenda kwa Mama Konsolata. Alikuwa mzee tayari, goti moja limekataa kukunjika. Nikamwambia yote, kuanzia sukari hadi mtaro nilikoitupa ile karatasi. Nilidhani atanifariji. Nilijiandaa hata na la kujibu akinifariji, nimwambie ilikuwa kwa ajili ya wale wanawake wake.

Akageuka, akaitazama dale kupitia getini. Gari la mtu lilikuwa linageuza juu yake.

"Ungeniambia, Baba Zuhura," akasema. "Ningeendelea kuwabeba."